Kituo cha gari na majengo ya wageni hifadhini: jinsi ya kuvipanga, kwa mfano wa Jozani

Mtu akiagizwa kuchora majengo ya wageni kwenye hifadhi ya taifa, kalamu yake hukimbilia geti: nguzo mbili nene, paa kubwa la makuti, sanamu ya mnyama. Kibanda cha abiria huja mwisho, kikajengwa kwa hela iliyobaki. Mwongozo huu unapita njia ya pili. Unaanza na abiria anayeshuka barabarani na mnyama anayevuka barabara hiyohiyo, na jengo linafuata baadaye.

Mfano wetu ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja, iliyotangazwa mwaka 2004. Ina kilomita za mraba 50 hivi na iko kilomita 35 hivi kusini-mashariki mwa Mji Mkongwe. Barabara kuu ya kwenda Makunduchi, Jambiani na Bwejuu inapita mlangoni pake. Mtalii wa hoteli huletwa na gari ya kukodi mpaka kwenye maegesho. Mfanyakazi wa hifadhi, mwanafunzi, mama wa vijiji vya Pete au Kitogani na kijana mgeni mwenye begi mgongoni wao hushuka daladala, na wanashukia katika barabara ambayo kima punju huivuka kila siku. Kima huyu si wa kuchezewa: hana asili nyingine duniani ila Zanzibar.

Ukiwa na kazi ya Udzungwa, ambako mabasi ya Ifakara hupita mlango wa Mang'ula, au geti kuu la Nairobi National Park lililoko kwenye Lang'ata Road wanakopita matatu za Rongai, utaratibu ni huuhuu. Mnyama, udongo na upepo ndivyo utakavyobadilisha.

1. Kaa barabarani kabla ya kukaa mezani

Chagua siku ya kazi, siku ya sikukuu na siku ya mvua kubwa ya masika. Kaa tangu gari za kwanza za asubuhi zinapoelekea mjini mpaka jioni. Andika nani anashuka, anasubiri upande gani, amebeba nini, na hasa anasimama wapi. Abiria wameshachagua kituo chao kabla yako. Mara nyingi ni chini ya mti mmoja, au ubavuni mwa duka, mahali wanapoiona gari ikija kwa mbali na utingo akawaona wao. Kibanda kikijengwa mita 40 kutoka hapo kwa sababu ramani ilipendeza hivyo, watu watabaki mtini na kibanda kitarithiwa na mbuzi.

Siku hizohizo tembea barabara nzima pamoja na watembeza wageni na askari wa hifadhi. Wao wanajua mahali ambapo matawi yanakutana juu na kima wanapita bila kugusa lami, na mahali ambapo pengo ni kubwa na lazima washuke. Tia alama zote mbili, za watu na za kima, kwenye karatasi moja. Ikiwa kituo cha watu kinaangukia kwenye kivuko cha kima, kisogeze kituo, kwa sababu kima hatasogea.

Kisha pima macho ya dereva. Wahandisi wa barabara huhesabu kwamba gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inahitaji mita 65 za kuona na kusimama salama. Ikiwa 80 kwa saa, inahitaji mita 130. Simama pale unapotaka watu wavuke, tembea mita hizo kwa kila upande, kisha geuka uangalie nyuma. Ukishindwa kumwona mtoto wa darasa la kwanza aliyesimama pale, hapo hapafai, hata kama eneo ni zuri kwa picha.

Matuta ya barabarani yalipowekwa Jozani, vifo vya kima punju barabarani vilipungua. Hili liandikwe kwenye michoro kwa herufi kubwa, maana kila barabara ikitengenezwa upya kuna hatari ya tuta kusawazishwa na mtu asiyejua liliwekwa kwa ajili ya nani. Penye pengo la matawi, fikiria ngazi za kamba za kupitisha wanyama juu ya barabara. Diani, pwani ya Kenya, shirika la Colobus Conservation limekuwa likizitundika kwa ajili ya mbega kwa miaka mingi. Lakini ngazi ya kamba ni dawa ya jeraha. Kinga ni kutokata tawi lililokwisha kukutana na mwenzake, na kwa hiyo mwenye panga la kusafisha barabara naye ahudhurie kikao chako cha kwanza.

2. Vituo viwili, mikia ikitazamana

Unahitaji kituo cha kwenda mjini na kituo cha kwenda shamba, kimoja kila upande. Visielekeane uso kwa uso. Weka kivuko katikati, na kila kituo kiwe mbele ya kivuko kwa gari inayokuja, yaani gari ipite kivuko kwanza ndipo isimame. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukivichora utaona mikia ya gari mbili zilizosimama inatazamana, na kivuko kiko baina yake. Faida yake: anayeshuka anavuka nyuma ya gari yake, ambako anaona na anaonekana. Anayevuka mbele ya gari iliyosimama hutokeza ghafla, na dereva anayeipita gari hiyo hana nafasi ya kufanya lolote.

Sehemu ya kusimamia gari itoke nje ya njia kwa upana wa mita 3. Urefu wa kutosha gari mbili za abiria, na vipande vya kuingilia na kutokea visikatwe ghafla. Dereva akiona ni tabu kuingia, atasimama katikati ya lami na kituo kitakuwa pambo.

Sasa tazama gari zenyewe. Gari za mbao za Unguja hupandiwa nyuma, kwa hatua ya chuma. Coaster na nyinginezo za mlango wa ubavuni hupandiwa kushoto. Ukinyanyua ukingo wa kituo chote sentimita 15, utamsaidia wa Coaster na kumtesa wa nyuma, kwa kuwa mama mwenye mtoto atashuka ukingo kisha apande tena. Basi nusu ya mbele ya kituo iwe na ukingo ulionyanyuliwa, na nusu ya nyuma ishuke mpaka usawa wa lami kwa mteremko mpole. Mteremko huohuo utamfaa mwenye kiti cha magurudumu na mwenye baiskeli.

Na juu ya gari kuna carrier. Magodoro, matenga ya samaki, mabegi ya wageni, wakati mwingine meza nzima. Ukingo wa paa la kibanda ubaki nyuma ya ukingo wa barabara kwa mita 1 angalau. Vibanda vingi hupoteza gata na kona ya bati ndani ya mwaka wa kwanza kwa sababu hii tu.

3. Hesabu ya jua, na upepo wa msimu

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Saa sita mchana mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Disemba liko upande wa kusini, nyuzi 73 hivi. Kwa jua hilo la mchana kazi ni rahisi: paa lenye kimo cha mita 2.4 likiwa na upenu wa mita 1.4 linatia kivuli mpaka sakafuni.

Kinachowashinda wengi ni jua la saa kumi alasiri. Wakati huo limeshuka mpaka kati ya nyuzi 30 na 35, na paa lilelile lingehitaji upenu wa mita 3.4 hadi 4.2. Haujengeki. Na saa kumi ndiyo saa ambayo wanafunzi, wafanyakazi na wageni wa mchana wanasubiri gari ya kurudi. Kwa hiyo upande wa magharibi usiuachie paa peke yake. Funga ubavu huo kwa matofali ya matundu, au kwa fito zilizosimamishwa wima na kuachana kidogo, upepo upite na jua likatike. Ikiwa barabara inalazimisha kibanda kifunguke magharibi, ongeza kina chake hadi mita 2.5 au 3 na usukume baraza nyuma kabisa.

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi huchukua miezi ya kati ya mwaka kutoka kusini-mashariki. Kibanda kizuri kinaruhusu kaskazi kupita, maana hiyo ndiyo miezi ya joto, na kinazuia mvua inayokuja imelala kwa upepo wa kusi. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya juu ya ukuta na paa. Hewa ya moto itatoka hapo.

4. Baraza kwanza, viti vya chuma alete mwingine

Watu wa mwambao wamekuwa wakisubiri, wakizungumza na kufanya biashara kwenye baraza za mawe kwa karne nyingi, na bado vinaagizwa viti vya chuma vyenye mkono katikati, ambavyo chumvi ya Ghuba ya Chwaka itavila taratibu. Jenga baraza. Mawe, chokaa na saruji, juu pasuguliwe pawe laini, kingo ziviringwe, na uso uiname kidogo kwa mbele ili maji yasitulie. Chini ya kivuli jiwe hubaki na ubaridi hata Februari, na hakuna mwizi wa kulibeba.

Urefu wa kawaida wa kukalia ni sentimita 45, kina 40 hadi 45, na kila mtu umhesabie sentimita 55 hivi. Lakini usitengeneze baraza ndefu ya kimo kimoja. Kipande kimoja kiwe cha sentimita 50 chenye mkono wa kushikia, kwa wazee, kwa sababu kuinuka kutoka kiti kifupi ndiko kunakowaumiza magoti. Kipande kingine kiwe cha 32 au 35 kwa watoto wa skuli. Kisha acha nafasi tupu, mita 0.9 kwa 1.2, ndani ya kivuli, ya kiti cha magurudumu. Isiwe pembeni juani, wala isiwe mahali ambapo pikipiki itaegeshwa.

Jambo moja ambalo sijaliona kwenye mwongozo wa kigeni hata mmoja: mahali pa kutua mzigo wa kichwani. Mama aliyebeba ndoo ya mwani au kapu la ndimu hawezi kuushusha mpaka chini peke yake na kuupandisha tena bila kumwita mtu. Jenga rafu ya zege mwishoni mwa baraza, kimo cha sentimita 110 hivi, upana wa kutosha ndoo mbili. Anausogeza mzigo kutoka kichwani mpaka rafuni kwa kupinda magoti kidogo, na gari ikija anauchukua vilevile. Gharama yake ni mfuko mmoja wa saruji na mawe kidogo. Ukiipima kimo, mpime nayo mama mwenyewe, usimpime fundi.

Mbele ya kibanda pawe wazi. Abiria asiyeiona gari ikija hatakaa ndani. Atasimama juani akichungulia, na kibanda chako kitakuwa kimeshindwa kazi yake. Usiweke bango la tangazo ubavuni upande ambao gari zinatokea.

5. Paa, miti na kima

Makuti yanapendeza na hayapashi joto, lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, yanadondosha wadudu, na kima wakiyazoea watayachomoa moja moja. Bati la chuma karibu na bahari linaota kutu. Shauri langu ni bati la alumini lenye rangi nyepesi, chini yake pengo la sentimita 10, kisha dari ya fito au mianzi. Pengo linatoa joto, dari inapunguza kelele ya mvua. Anayetaka sura ya makuti kwa ajili ya wageni aiweke kwenye jengo la mapokezi, ambako kuna mtu wa kulitunza. Nguzo za mbao zisiguse udongo: ziketi juu ya kisiki cha zege na chuma kilichopakwa zinki, mchwa asipate njia.

Sasa miti. Kila Mzanzibari anayetaka kivuli mbele ya nyumba hupanda mkungu au mwembe. Hapa usifanye hivyo. Majani machanga ya miti hiyo miwili ni chakula anachokipenda sana kima punju, na ukiipanda kituoni umemwekea meza ukingoni mwa lami. Watafiti waliofuatilia kima hao walieleza pia kwa nini wanakula makaa: majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazovuruga mmeng'enyo, na makaa huzinasa tumboni. Ndiyo maana utamwona kima amekaa juu ya ukuta ameshika kipande cha kaa kwa mikono miwili, anatafuna kwa utulivu, midomo imekuwa myeusi. Ni picha inayopendwa na wageni wote. Kwa mchoraji ni onyo: mama lishe na muuza chai wa kituoni wanahitaji sanduku la makaa lenye kifuniko na komeo, na jiko liwe upande ulio mbali na barabara.

Kwa mti wa kivuli, waulize watembeza wageni ni upi wa msitu huuhuu ambao kima hawaushughulikii, na upande huo. Mti wa kuletwa kutoka nje ya hifadhi usiingie kwenye orodha.

Jozani wageni huambiwa wasimsogelee kima chini ya mita 3. Kanuni hiyo haiwezekani kwenye njia ya msituni yenye upana wa mita 1.2 na kundi la watu kumi. Kila mita 30 au 40 panua njia iwe na kituo kidogo cha mita 3 kwa 4, watu warudi nyuma bila kukanyaga miche. Kioo kikubwa cha dirisha nacho kiepukwe, ndege watakigonga.

6. Choo

Hapa ndipo fedha na akili zitumike zaidi. Jozani ni msitu unaoishi kwa maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Mvua kubwa zikinyesha, maji hujaa msituni. Pembeni mwake kuna uwanda wa mawe ya matumbawe yenye nyufa, ambayo hayachuji maji machafu bali huyapitisha kama ungo mbovu. Shimo la kawaida, ukilichimba penye udongo litajaa maji. Ukilitoboa kwenye mawe litapeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji ambayo kijiji cha jirani kinayachota.

Kinachofaa ni choo kikavu cha mboji kilichojengwa juu ya ardhi, chenye vyumba viwili vya kuhifadhia. Kimoja kinatumika, kikijaa kinafungwa na cha pili kinaanza. Kilichofungwa kisiguswe kabla ya miezi 12. Baada ya kila matumizi majivu au maranda hutupwa ndani. Bomba la hewa lipakwe rangi nyeusi, litoke juu ya paa na liwe na wavu wa nzi.

Michoro mingi ya vyoo hivi imetoka kwa watu wanaotumia karatasi. Kwetu mtu anatawadha, na maji yakiingia kwenye chumba cha mboji, mboji inaoza na kunuka, na baada ya mwezi choo kinafungwa kwa kufuli. Kwa hiyo kila chumba kiwe na sehemu tatu zilizotenganishwa: tundu la haja kubwa, njia ya mkojo, na beseni la kutawadhia lenye mtaro wake. Mtu anasogea hatua moja, anajisafisha, maji yanakwenda kwenye kitanda cha kokoto na matete nje. Weka bomba, ndoo na kata, na mchoro mdogo ukutani usiohitaji kusomwa. Usipoweza kujenga sehemu hii ya tatu, usijenge choo kikavu kabisa; tumia tangi lililozibwa la kunyonywa na gari, na uingize gharama ya gari hilo kwenye bajeti ya kila mwaka.

Choo kikinyanyuliwa mita 1 kutoka ardhini, ngazi peke yake haitoshi. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni sentimita 12 kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda, yaani mita 12, na mahali pa kupumzika katikati. Ni mrefu. Tafuta kiwanja kilichoinama ili mlango uwe upande wa juu na milango ya kutolea mboji upande wa chini. Mita 12 zinaweza kushuka hadi 3 au 4. Mlango wa choo cha mlemavu uwe na upana wa sentimita 90 na ndani kuwe na duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti.

Maji yatoke juu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 24 likipata mvua ya milimita 30 linatoa lita 720, toa moja ya tano kwa upotevu. Tangi la lita 5,000 litajaa mara nyingi wakati wa masika na vuli, lakini Januari na Februari litakauka, kwa hiyo bado unahitaji maji ya mfereji au ya gari. Lita za kwanza za kila mvua zimwagwe, zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Karibu na maji hayo tenga mahali pa kutilia udhu na kibaraza cha kusalia chenye kuelekea kibla, hata kama ni cha watu sita tu. Madereva, watembeza wageni na abiria watakitumia kila siku.

7. Jengo la mapokezi liwe dogo

Zion, hifadhi ya taifa iliyoko Utah, Marekani, ilifungua kituo cha wageni mwaka 2000, mwaka uleule ilipoanzisha mabasi ya kuwazungusha wageni bondeni ili kupunguza magari yao. Wabunifu wake walitoa sehemu ya maonesho nje ya jengo, wakaiweka chini ya vivuli, na jengo lenyewe likawa dogo. Joto lake kavu la jangwani si letu, na minara yao ya kupozea hewa kwa maji haitafaa Unguja penye unyevu. Wazo la vibao nje chini ya kivuli, hilo lichukue lote. Ndani bakisha dirisha la tiketi, ofisi, stoo na sanduku la huduma ya kwanza.

Dirisha la tiketi liwe na vimo viwili, sentimita 105 kwa anayesimama na 80 kwa mtoto na aliyekaa. Bei na utaratibu viandikwe Kiswahili juu, Kiingereza chini, na mwenyeji asilazimike kuuliza bei yake mbele ya foleni ya wageni. Kundi la skuli la watoto 50 halitoshei ukumbini, kwa hiyo jenga ngazi tatu za baraza za nusu duara chini ya mti, mtembeza wageni asimame mbele yao. Kutoka kituo cha gari mpaka dirishani kuwe na njia ya miguu iliyotenganishwa na njia ya magari. Anayekuja kwa daladala asipite katikati ya maegesho ya watalii.

Kwenye daraja la mbao la mikokoni, nyufa baina ya mbao zisizidi sentimita 1, mkongojo usinase. Usawa wake ukadiriwe kwa maji ya bamvua kubwa, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, na wa kukuonesha alama ni wavuvi wa Pete.

8. Taka, taa

Pipa la wazi ni mwaliko kwa kima na paka. Weka mapipa machache yenye kifuniko cha komeo, kituoni na kwenye maegesho tu, na msituni pasiwe na hata moja. Mtu atoke na alichoingia nacho. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kwa hiyo kanuni hii si ngeni kwa yeyote.

Taa ziwe za rangi ya moto, chini ya paa, zikielekea sakafuni, zikitumia jua na kuzimika zenyewe gari za mwisho zikishapita. Komba na popo wanahitaji giza lao.

9. Jaribu kwa fito kabla ya zege

Kabla ya kumwaga zege, simamisha nguzo nne za mvinje, tandaza turubai kwa kimo na kina kilekile cha mchoro, panga matofali makavu kuwa baraza, na acha kwa wiki mbili. Waombe madereva wasimame hapo. Utaona saa kumi kivuli kinaishia wapi, nani hakai na kwa nini, na kama utingo anaweza kufungua mlango wa nyuma bila kugonga kitu. Mabadiliko wakati huu ni kazi ya nusu saa.

Wakati jaribio linaendelea, sheha na kamati za uhifadhi za vijiji wapite walione, pamoja na Idara ya Misitu, mamlaka ya mazingira na wenye barabara. Kila mmoja ana saini yake, na ni rahisi zaidi kumwonesha mtu turubai kuliko kumfafanulia mchoro. Waulize vijiji nani atauza chai, nani atashika ufunguo wa choo, na atalipwa kutoka mfuko gani. Jibu la swali la mwisho liandikwe kwenye mkataba, si kwenye mhutasari wa kikao.

10. Kalenda ya utunzaji

Ibandike ofisini siku ya kukabidhi. Februari, kabla ya masika: safisha gata na tangi, kaza skrubu za bati, zibua mitaro. Juni, mvua zikishapita: piga chokaa baraza na kuta, badili mbao zilizooza darajani, paka upya mistari ya kivuko na matuta. Septemba, kabla ya vuli: gata tena, kagua mchwa kwenye visiki vya nguzo, pima kina cha mboji. Kila wiki: majivu ya choo, komeo za mapipa, taa. Na kila tawi litakalotakiwa kukatwa juu ya barabara, kwa waya wa umeme au kwa gari refu, lipite kwanza kwa askari wa hifadhi akiwa na ile karatasi ya vivuko mkononi.